Kicheche Ameondoka na Njaa Yake

Baba Kidoti,

Usininunie kwa kuchelewa kuandika. Mtoto hanipi nafasi hata ya kuchana nywele. Kicheche alikula kuku wetu wawili. Ile sumu uliyotuma sikuitega. Niliipeleka kwa bwana wanyamapori, akashtuka: "Mama, ungeitega hii ningekukamata! Kuua bila kibali ni kosa. Mzibie njia." Basi nimefukia wavu kuzunguka banda, na nafunga mlango mapema. Kicheche anakwaruza weee, anaondoka na njaa yake. Jirani aliyenicheka sasa anakuja kuiga.

Nyuma nimebana kwa mawe tu. Nitumie wavu wa matundu madogo, misumari na komeo. Sumu usitume tena. Mwanao ameanza kutambaa, na kila anachookota anatia mdomoni.

Mama Kidoti