Mjomba Hashuki Garini

Bigwa, Morogoro

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwanao ni mzima, isipokuwa aibu, nayo inapungua kidogo kidogo. Vipi presha? Mama bado anakuficha chumvi, au mmeshaelewana? Huku mboga zinashuka kutoka milimani kila asubuhi, kwa hiyo usihofu kuhusu tumbo langu.

Uliniuliza kwa nini mambo yangu na Anjela yanakwenda mwendo wa kinyonga. Sababu ni mjomba. Kwa Waluguru mwenye neno la mwisho si baba wa binti, ni kaka wa mama yake. Baba yake alishanikubali siku nyingi. Mjomba, Mzee Mkude, analima kabichi huko juu na alikuwa hajaniona hata sura. Akisema hapana, hapana hiyo haina rufaa. Alikubali kushuka Bigwa Jumapili kutusikiliza, nami nikajitolea kumfuata kwa gari la tajiri wangu.

Hilo gari, baba. Tangu ruksa ya kuagiza magari ije, kila mwenye duka ameagiza la kwake kutoka Japani, limetumika huko hadi wenyewe wamelichoka. Nje linang'aa, lakini aliyelibuni ndani nadhani hajawahi kusafiri. Kwenye lori lako la ushirika ulizungusha mkono, kioo kikashuka, basi. Hili kioo chake ni cha kitufe, na kitufe hakifanyi kazi hadi ufunguo uwe umewashwa, kwa hiyo ukizima gari umejifungia kwenye tanuri. Vitufe vinne vimepangwa pamoja, vyote sura moja. Nikitaka hewa yangu namfungulia vumbi abiria wa nyuma. Redio haikamati stesheni yetu hata moja. Kuna mwanamke humo anasema Kijapani kila nikiwasha, sijui ananisalimu au ananitukana. Kifuniko cha tanki nilikihangaikia wiki nzima kwa bisibisi, kumbe kinafunguliwa na kijiti kilichofichwa chini ya kiti. Mtu anafichaje kitu ambacho dereva anakitaka kila siku?

Na kwenye ubavu wa mlango wa nyuma kuna kichuma kidogo kama punje ya hindi. Jumamosi nilipokuwa nalisugua gari, kitambaa changu kilikisukuma chini. Sikujua kazi yake. Kazi yake ni kuzuia watoto wasifungue mlango kwa ndani.

Tulifika salama, mzee amekaa nyuma na koti lake la kanisani. Nikaegesha mbele ya nyumba, nikazima, nikachomoa ufunguo na kukimbilia nyuma ya jiko, maana mposaji hatakiwi kuonekana wazee wanapokutana. Walibaki mama yake Anjela, shangazi zake, na mshenga wangu Mzee Kondo, mstaafu wa reli, wamejipanga kumpokea mgeni. Mgeni hakushuka.

Mzee Kondo amesimamia posa nyingi, akaelewa mara moja kwamba mjomba anadai kifungua mlango, zawadi ya kumshusha garini. Akakunjua kitenge mbele ya kioo. Mzee Mkude akapiga kioo kwa kiganja. Kondo akasema kitenge kimekataliwa, akaleta blanketi. Mzee akapiga kwa mikono miwili. Likaja jembe jipya, kisha jogoo. Midomo ya mjomba ilionekana ikicheza, lakini akina mama walikuwa wanapiga vigelegele kumbembeleza, na Kondo akawaambia anataja vitu vilivyobaki. Mjomba akaonyesha mlango kwa kidole. Wakavipanga vyote hapo mlangoni kama alivyoelekeza. Alipovua koti, shangazi mmoja akasema sasa amekasirika kweli.

Mimi nyuma ya jiko naletewa habari: mjomba amekataa hata jogoo. Baba, niliumia. Nilijiona nimekuja mkoa wa watu bila baba wala mjomba wa kunisemea, na Anjela anaponyoka hivi hivi. Nikasema potelea mbali, nikatoka mbele ya watu wote, nikapiga magoti kando ya gari na kufungua mlango ili anisikie nikimwomba.

Mzee Mkude akamwagika nje, amelowa jasho, akaangukia blanketi. Jogoo akakimbia. Mzee alikunywa vikombe viwili vya maji bila kumtazama mtu, kisha akauliza nani alimfungia. Nikasema ni mimi, na nikamwonyesha kile kichuma. Akakichunguza muda mrefu.

"Watu wote hawa," akasema, "na aliyefikiria kufungua mlango ni mmoja tu. Huyo ndiye nampa mpwa wangu. Ila kanisani atapanda kwa miguu."

Nisalimie mama, mwambie mkwe wake Anjela ni mcheshi kama yeye. Msalimie shangazi anayeuza ulezi, na mdogo wangu fundi cherehani aanze kunishonea suti. Mzee Kondo anakusalimu pia, ingawa siku hizi haongei sana.

Harusi ni baada ya mavuno, huko juu kwa mjomba, na ninakutaka wewe, baba, usimame upande wangu. Nilimweleza mjomba kwamba goti lako halitauweza ule mlima, nikamwomba uletwe kwa gari. Mwishowe amekubali, ila ametoa sharti kwamba ukae mbele.

Mwanao anayekungoja,
Fidelis