Kura Ishirini na Saba

Ottumwa, 30 Novemba

Shemeji Wendell,

Hujambo? Mafua yamepona au bado unapiga chafya ofisini? Sisi huku wazima, ila magoti yangu. Miaka kumi na sita ya kuchuchumaa nyuma ya mpigaji, nikidaka mipira ya watu wenye hasira, imeniachia magoti ya bibi kizee. Mapafu nayo daktari anayakunjia uso. Lorene anakusalimu, anasema kitambi chako kakiona kwenye picha.

Sasa cheka. Jina langu limo kwenye karatasi ya kura ya Jumba la Mashujaa wa besiboli! Najua siingii. Kuingia wanataka kura sabini na tano katika kila mia, na mimi sikuwa mchezaji wa hivyo. Nataka tano tu katika mia, zile za kumbakiza mtu kwenye orodha hadi mwakani. Baba yangu ana miaka tisini na moja, na maisha yake yote amekuwa akisema besiboli ni kazi ya wavivu. Juzi kamwonyesha muuza nyama jina langu gazetini. Wendell, muuza nyama! Nataka mwakani amwonyeshe tena.

Ninyi waandishi wa habari za michezo ndio wenye kura. Sikuombi yako. Usije ukasemwa umempigia mume wa dada yako.

Shemeji yako,
Delmar

Cincinnati, 12 Desemba

Shemeji Delmar,

Salaam nyingi. Mafua yameisha, kitambi kipo. Mwambie dada aache uchokozi. Baba mpe mkono wangu.

Nashukuru umenielewa kuhusu kura. Karatasi ya mwaka huu imejaa watu waliojidunga dawa za misuli, na nikikuchagua wewe nitaambiwa ni undugu. Nimepata njia safi, isiyomgusa mtu yeyote.

Wako,
Shemeji Wendell

Ottumwa, 9 Januari

Shemeji,

Salaam. Matokeo umeyaona: karatasi 541, mimi kura ishirini na saba. Baba kapiga hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha. Zingekuwa karatasi 540, ningepata tano katika mia kamili. Nimedondoka kwa karatasi moja, na jina halirudi tena. Leo Baba kaenda buchani, karudi mikono mitupu.

Nasikia kuna mwandishi kapeleka karatasi tupu, hakumchagua yeyote, nayo ikahesabiwa pamoja na nyingine. Angeiacha tu kwenye droo! Unawajua wenzako. Unadhani ni nani? Simtafuti nimpige. Nataka tu aniambie alikuwa anawaza nini.

Shemeji yako,
Delmar

Ottumwa, 3 Machi

Shemeji,

Mbona kimya? Hujambo lakini? Mimi mapafu yamenilaza, naandika nikiwa kitandani. Niandikie hata utani wako mbovu. Na kama una jambo, liseme. Tumetoka mbali mimi na wewe.

Delmar

Cincinnati, 2 Aprili

Delmar,

Hata salamu inanikwama. Karatasi tupu ni yangu.

Nilidhani kupeleka karatasi tupu ni sawa na kutopiga kura. Miaka ishirini na miwili nina kura hiyo, na sheria yake sikuwahi kuisoma vizuri. Nilitaka tu nionekane msafi. Barua hii nimeiandika mara tano na kuichana. Naona aibu, Delmar, naona aibu sana. Nitakuja nimweleze baba mwenyewe. Nitukane, lakini nijibu.

Shemeji yako, kama bado unaniita hivyo,
Wendell

Ottumwa, 15 Aprili

Mdogo wangu Wendell,

Natumaini ulifika salama. Kwenye mazishi sikutaka kusema haya mbele za watu. Barua yako ilifika siku moja baada ya Delmar kutuacha. Nimeisoma mimi.

Gazeti lenu hutufikia kwa posta. Umesahau ulimlipia wewe mwenyewe, zawadi ya Krismasi? Ile makala yako ya Desemba, ulimojisifia kupeleka karatasi tupu, nimeikuta imekatwa vizuri, imewekwa ndani ya glavu yake ya kudakia mipira. Alijua ni wewe tangu Januari. Nilitaka nikupigie simu nikuseme, akanikataza. "Mwache. Ataandika mwenyewe."

Baba yake sijamwambia. Hilo nakuachia wewe.

Kila asubuhi Delmar aliniuliza kama mtu wa posta amepita. Siku ya mwisho pia aliuliza. Nikamwambia amepita, hajaleta kitu.

Dada yako,
Lorene