Balbu Haikufifia

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu uiache redio ya Mama wazi juu ya meza yako ya kazi, ukasema unakwenda kupumzika kidogo. Ukaugua, na mezani hukurudi.

Watu walikuita Fundi Polepole, na hukuchukia. Mteja akikuhimiza uchomeke tu redio yake kuukuu ya valvu, vile vichupa vya kioo vya ndani, ulimwambia kitu kilicholala miaka mingi hakiamshwi kwa ndoo ya maji. Kwanza ulitoa vumbi na viota vya panya, ukabadili kapasita na waya uliochakaa. Kisha uliupitisha umeme kwenye balbu kabla haujaifikia redio. Hiyo uliiita kupiga hodi. Balbu ikiwaka kisha ikafifia, umekaribishwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti: chomoa, usibishane.

Mama alikutania kwamba valvu unazishika kama mayai, lakini milango ya nyumba unaibamiza kama unagombana nayo. Ulicheka, ukaendelea kuibamiza.

Redio ile alipewa na mama yake alipoolewa. Ulimwahidi ataisikia tena kabla hamjazeeka. Akakujibu kwamba hapo umechelewa.

Mwezi uliopita mwenzako wa kibanda cha ufundi, Kipara, alikuja kuimalizia. Mama alivaa gauni lake zuri, akavuta kiti karibu. Balbu iliwaka kwa nguvu, haikufifia. Kipara akachomoa, akatoa valvu zote, akajaribu tena. Ikawa vilevile. Transfoma imeungua ndani, na ya aina ile haipatikani tena.

"Shemeji, hii haiponi," akasema.

Mama akamwambia, "Afadhali wewe umesema mapema. Kuhusu mume wangu, kila mtu aliniambia atapona."

Ni sisi tuliomwambia.

Tangu siku hiyo hataki redio yoyote iwashwe ndani. Wajukuu wakija, wananong'ona bila kuambiwa. Watu wanasema muda unaponya. Huku kwetu haujafika.

Unakumbukwa na mkeo, sisi wanao watatu, wakwe zako, wajukuu, dada yako wa pekee, na Kipara, ambaye sasa anafungua kibanda siku anazojisikia.

Habari njema hatuna, Baba. Kukukumbuka tu, na hilo ni la daima.