Uso Nilionawa kwa Ajili ya Mchezo

Palma, Ijumaa baada ya swala

Mume wangu Baba Zuhura,

Assalaam alaikum. Kifua cha mama mkwe kimepoa? Zuhura anakula vizuri? Nauliza kwa karatasi kwa kuwa simu yangu huipokei, na ukimya wako unanichosha kuliko kazi. Mimi ni mzima wa mwili. Jioni nakaanga samaki, kichwa nakila mwenyewe, hakuna wa kuninyang'anya. Hakina ladha.

Wifi amenieleza yote. Rafiki yako Hamisi alivuka mpaka wa Namoto na kamba wake wakavu wa kuuza, akaniona hapa njiani uso mtupu, bila msiro. Akarudi Mikindani akakunong'oneza: "Mkeo kaosha msiro. Kamwoshea nani?" Nawe sasa, wifi anasema, unamtafuta shehe uandike talaka. Wewe! Unayejua kwamba tangu nivuke mto wa mpakani kuja kazini sitoki nje bila weupe ule wa mti uliosagwa jiweni, kama mama yangu wa Quionga alivyonifunza, ili kila mwanamume ajue mume wangu yuko mbali na asijisumbue!

Sikiliza basi. Tangu gesi ionekane baharini, mji huu unaishi kwa minong'ono. Mimi mkalimani wa mikutano, nayasikia yote. Madalali wa ardhi wanakiambia kijiji hiki kwamba cha jirani kimeshakubali kuhama, kisha wanakwenda kwa jirani na uongo ule ule. Watu waliokuwa wakizikana wanaanza kupitana bila salamu. Nilikasirika, unanijua. Nikasema mahubiri hayatoshi, nitawaonyesha kwa macho.

Nikaandaa tanzia ya kale: sultani anampenda mkewe, karani mwenye kijicho anamtia maneno, sultani anampa mke sumu, na ukweli unajulikana maiti imeshapoa. Mke nilicheza mimi, maana wasichana waliona haya. Na mke yule mumewe yumo ndani, wanalala chumba kimoja. Angepakaje msiro? Watu wa hapa wangecheka kabla sijafungua mdomo. Nikanawa, nikashika njia kwenda uwanjani. Hapo ndipo Hamisi aliponiona.

Mchezo wenyewe haukufika mwisho. Karani kanong'ona, na sultani, aliyechezwa na fundi seremala wa Kimakonde, kainua kikombe cha sumu. Bibi mmoja muuza mihogo akasimama.

"Wee sultani! Umekatwa ulimi? Si umuulize mwenyewe!"

Nikamjibu kutoka jukwaani, "Bibi, keti. Hii ni tanzia."

"Tanzia ya nini, na mkewe huyo hapo? Muulize, zumbukuku wewe!"

Uwanja mzima ukadakia: muulize, muulize! Seremala jasho likamtoka, maneno yakampotea, akanigeukia: "Haya, mke wangu, ni kweli?"

Vigelegele! Karani akatimuliwa kwa maganda ya mihogo. Mimi niliyepaswa kufa nikabaki nimesimama, nimefura. Nikawahutubia kwamba wameharibu kazi, kwamba mtu mwenye mapenzi makali akishatiwa sumu ya maneno haulizi.

Bibi akasema, "Asiyeuliza hana mapenzi, mwanangu. Ana wivu tu."

Nikashuka jukwaani kabla hajaongeza.

Nikarudi chumbani, nikasaga msiro, nikapaka. Siku zilizofuata nikakupigia. Hukupokea.

Baba Zuhura, nimebishana na wakubwa wa serikali bila kutetemeka, lakini chumba hiki kitupu kinanishinda. Hata hivyo sitakuapia, wala sitatuma wazee waniombee. Siwezi kushika Msahafu kwa swali ambalo hujaniuliza. Alichokiona Hamisi ni kweli: uso ulikuwa mtupu. Kwa nini ulikuwa mtupu, hakuniuliza yeye, hukuniuliza wewe. Mmoja kaona, mwingine kahukumu, na mimi nipo hai, nina mdomo.

Barua hii anakuletea binamu yangu, dereva wa lori. Atalala kwenu usiku mmoja kabla ya kurudi. Usimpe talaka aje nayo, wala usimpe msamaha, sikukosa. Mpe swali. Hata liwe la matusi, nitalijibu.

Mama mkwe mbusu mikono. Wifi mshukuru kwa kutonificha. Zuhura mwambie mama yake yuko mbali, hajapotea. Na Hamisi msalimie: siku nyingine aingie uwanjani, atazame mpaka mwisho.

Mkeo, msiro usoni, nangoja kuulizwa,

Mama Zuhura