Naomba Macho Wazi

Jumapili, mtaani Skuta

Ati imani ndiyo inatukinga na bunduki. Mchungaji amesema hivyo leo na kanisa zima likaitika amina. Mimi sikuitika.

Bwanangu Mwangi alikuwa mzee wa kanisa kule Endarasha. Majambazi walimpiga risasi mezani tukiombea chakula, macho tumefumba. Mchungaji anataka imani gani zaidi ya hiyo?

Halafu leo kumekuja mheshimiwa, akapewa kiti cha mbele. Mlinzi wake akakaa kando yangu, mahali ambapo tangu Mwangi auawe hakuna mtu hukaa. Bastola yake chini ya koti ikanigusa mbavuni. Nimekasirika. Kama imani inatosha, huyu amekuja kufanya nini?

Tukaambiwa tufumbe macho tuombe. Mimi siwezi tena. Nikageuka, nikakuta mlinzi ananiangalia.

“Mama, huombi?” akaninong'oneza.

“Naomba macho wazi. Na wewe?”

“Mimi niko kazini.”

Mungu nisamehe, lakini nilipata amani kukaa kando yake. Ibada ilipoisha akaondoka na mkubwa wake.

Hakuna mtu mwingine amenisemesha leo.