Ndinda, Nimekipata Kitabu cha Kliniki cha Mutheu

Mpendwa mdogo wangu Ndinda,

Mutheu anatembea sasa. Anatembea kama wewe, tumbo mbele, na akianguka halii mpaka ahakikishe kuna mtu anayemtazama. Tangu tulipokuzika kule Kivaa nikaja naye hapa Kyumbi, kuna jambo nimekuwa nikitaka kukueleza. Nimeshindwa kulisema kaburini, kwa hivyo naliandika.

Unakumbuka siku wahudumu wa afya walipokuja shuleni kutuchanja, na masanduku yao ya barafu? Ulikuwa darasa la kwanza. Ulikimbia ukajificha nyuma ya vyoo, nami nikatumwa kukuleta. Nilikukuta umechuchumaa, umeziba macho, kana kwamba usipowaona nao hawatakuona. "Dada, nishike basi," ukaniambia. Ulinibana mkono hadi kucha zikaacha alama. Baadaye ulizunguka uwanja mzima ukiwaonyesha wenzako kidole kilichopakwa wino, ukiapa kwamba hukulia.

Ndiyo maana nilicheka ulipojifungua Mutheu na kuniambia unampeleka kliniki mwenyewe. "Nafunga macho, dada. Anadungwa yeye, nalia mimi." Lakini ulimpeleka.

Mwezi uliopita watoto wawili wa jirani yangu walipata surua. Nilifunga duka la ushonaji, nikambeba Mutheu mgongoni hadi zahanati. Muuguzi aliuliza kitabu kiko wapi. Nikamwambia sina, ila mtoto alichanjwa zote. Nikamkunjia Mutheu mkono wa nguo nikamwonyesha muuguzi lile kovu la chanjo kwenye mkono wa kushoto.

"Hiyo ni ya kifua kikuu tu, mama. Ile ya kuzaliwa. Haituambii kitu kuhusu zile zingine. Tafuta kitabu."

Kilikuwa ndani ya begi lako jeusi, lile ambalo sikuwa nimethubutu kulifungua tangu mazishi. Ulikuwa umekifunga kwa karatasi ya nailoni na kukilaza kwenye kitenge chako cha kanisani. Nilikaa sakafuni nikakinusa hicho kitenge kwanza. Kitabu kikangoja.

Kesho yake muuguzi alinifundisha kukisoma. Tarehe ya kalamu ni ya chanjo aliyopata. Ya penseli ni ya siku anayotakiwa kurudi. Alipozaliwa, wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne: kila tarehe ya penseli ilikuwa na ya wino kando yake, siku ileile. Hukuchelewa hata mara moja. Halafu miezi tisa, surua: penseli peke yake. Kutoka hapo, nafasi tupu.

"Hapa kulitokea nini?" akauliza.

Nilikuwa nahesabu miezi kwa vidole. Uliniambia figo zilianza kukusumbua wiki chache tu kabla ulazwe, Mutheu akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu. Kitabu kilikuwa kinasema nusu mwaka kabla.

Nilitoka nje nikampigia Mama Syombua, jirani yako kule Kivaa, nikamuuliza. "Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu haviingii," akasema. "Alikuwa anakaa chini mara tatu kabla afike barabarani. Nilitaka kukupigia, akanikataza. Alisema ukijua utafunga duka."

Ningefunga, Ndinda. Ningefunga siku hiyohiyo.

Naikumbuka ile simu. Nilikuuliza kama mtoto ameshadungwa ya miezi tisa, ukanijibu, "Ndiyo dada, alilia kidogo tu. Tuko sawa." Nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nilifurahi kusikia mko sawa, nikakata. Sauti yako ilikuwa imechoka, na niliisikia, nikajiambia ni mambo ya kulea. Kivaa si ng'ambo. Nimekukasirikia kwa kunificha. Nimekukasirikia hata nikifua nguo za mtoto wako. Lakini kila hasira inapoisha nabaki na neno moja: sikuja.

Nilirudi ndani nikamweleza muuguzi yote, nikamuuliza kama itabidi mtoto aanze upya.

"Hapana," akasema. "Alizopata ni zake, hazipotei. Tunaendelea pale mama yake alipofikia."

Hapo ndipo nilipolia, mbele ya foleni nzima. Mama mmoja nisiyemjua akampakata Mutheu hadi nikanyamaza.

Mutheu alidungwa surua ya kwanza siku hiyo, na ya pili jana, baada ya wiki nne. Amepata joto kidogo leo, lakini anakula. Nimeuliza ni zipi zinazofuata na lini, nikaandika kwenye kalenda iliyo ukutani dukani, juu ya vipimo vya wateja.

Jana hiyo muuguzi alifungua ukurasa wa mwanzo, penye jina lako na namba yako ya simu. Alisema anahitaji mtu anayeweza kupigiwa. Akaweka ncha ya kalamu juu ya jina lako.

"Nikate hili?"

"Usikate," nikamwambia. "Andika langu chini yake."

Akaandika. Nafasi ilikuwa ndogo, herufi zetu zimebanana.

Mutheu ameanza kuniita mama, Ndinda. Bado sijajua kama nimsahihishe au nimwache. Akiniita hivyo naitika, kisha natoka nje kidogo.

Pumzika, mdogo wangu.

Ni mimi, dada yako mkubwa.