Changamoto Ndogo ya Maji

Korogwe, Jumanne

"Aliyekosea ni afisa uhusiano wetu." Mkuu wa chuo kasema hivyo leo mbele ya wazazi, na afisa mwenyewe ndiye mimi, nimesimama pembeni yake nimemshikia maikrofoni.

Kwenye tangazo la wazazi mimi niliandika kwamba wanafunzi wanaumwa matumbo kwa sababu ya maji ya tenki letu. Yeye ndiye aliyefuta, akaweka "changamoto ndogo ya maji". Changamoto, na watoto wa watu wako wodini na dripu.

Mama mmoja wa Bungu, ambaye binti yake bado amelazwa, akanigeukia. "Mwanangu, hiyo changamoto ni ugonjwa gani?"

Nikamjibu, "Shikamoo mama." Basi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka sasa.

Jioni mkuu kanipigia, sauti laini. Kesho asubuhi anazungumza redioni, mubashara. "Niandikie maneno mazuri, dada. Nitayasoma huko huko."

Najua atayasoma huko huko, bila kuyapitia kwanza. Kwenye mahafali nilimwekea kwenye mabano "tulia kidogo wapige makofi", akalisoma na hilo kwa sauti, bila hata kushtuka.

Nimeshamwandikia. "Ndugu wazazi, watoto wenu wameugua kwa maji yetu. Niliambiwa tenki ni chafu, nikasema tusubiri. Afisa wangu aliandika ukweli, nikaufuta."

Kazi nitaipoteza, na naogopa.

Nimeyachapa kwa herufi kubwa, asije akakwama.